Hodi ya Tatu

1

Siku Mboni alipoolewa, Kambini nzima ilihamia uwanjani. Si nusu ya watu, si wengi wao, wote. Wenye miguu mibovu walibebwa na viti vyao, vichanga vilifungwa migongoni, na hata Bi Chausiku, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na ugomvi na jua, alikaa mstari wa mbele chini ya mwavuli wake, akiikagua sahani ya pilau kama hakimu anayesoma kesi.

"Kuku huyu amekufa kwa uzee," alisema.

"Basi ni rika lako, mle kwa heshima," Nyamizi alimjibu, na meza nzima ikaangua kicheko.

Nyamizi ndiye shangazi wa bibi harusi. Alivaa gauni la kitenge lenye mabega ya kutisha, na shingoni, pale wenzake walipoweka dhahabu, alining'iniza kidude cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Wageni wa upande wa bwana harusi walinong'onezana kwamba ni hirizi. Hakuwasahihisha. Acha waogope kidogo.

Kidude kile kiliitwa Ufunguo. Kila nyumba ya Kambini ilikuwa na paa la kunasa jua na betri ukutani, na kila betri ililindwa na mita. Ufunguo ungeweza kuzifungua betri zote kwa mpigo mmoja bila kumwuliza mtu. Mkutano wa Kambini uliukabidhi kwa Nyamizi kwa sharti moja: autumie kutibu mita iliyougua, basi. Akiugusa kwa jambo jingine lolote, yeye si mtu wa Kambini tena. Sharti hilo alilitunga mwenyewe, akalipigia kura mwenyewe, na akalishangilia kuliko wote.

Alikuwa na sababu. Babu yake alishuka kwenye treni ya manamba kutoka Unyamwezini akiwa na kibati cha namba shingoni, kwa kuwa msimamizi wa mkonge hakuwa na muda wa kujifunza majina ya watu. Namba ile Nyamizi aliijua kwa kichwa. Alimjua pia kila aliyewahi kuinyima Kambini kitu: jina lake, siku yenyewe, na shati alilovaa. Hakuna chuo kilichomfundisha. Redio mbovu alizifungua mwenyewe mpaka zikamweleza siri zao, na wakubwa aliwasikiliza hivyo hivyo, kwa bisibisi mkononi.

Zaidi ya yote aliukumbuka wakati wa kukatiwa. Enzi hizo, umeme ulipopungua, mashine moja ya kampuni ya umeme kule Kilimani ilichagua nani akae gizani, na jioni baada ya jioni ilichagua Kambini. Haikubisha. Haikuaga. Sababu ilikuwepo kila mara, tena nzuri: kiwanda, mgeni wa serikali, taa za uwanja wa michezo. Jioni mojawapo wifi yake alikuwa kwenye uchungu katika zahanati ya Kambini. Nyamizi ndiye aliyeshika tochi ya simu mpaka mkunga akasema, "Namwona. Naona mboni za macho tu, lakini namwona."

Ndiyo maana bibi harusi aliitwa Mboni. Ndiyo maana pia hakuna aliyebaki nyumbani leo. Mtoto yule wa gizani alikuwa wa kila mtu.

Jukwaani, mshereheshaji Chande, Mzigua wa kuzaliwa na mwenye domo la kulipiwa, alikuwa anawachokoza watani zake.

"Ndugu zangu Wanyamwezi! Naambiwa mlikuja huku kwa miguu. Kurudi ikawaje? Mlisahau njia?"

"Tulibaki kuwafundisha Wazigua kuvaa viatu!" Nyamizi alipaza sauti kutoka mezani.

Uwanja ukalipuka. Bibi harusi alicheka mpaka shela ikamwangukia puani. Na hapo hapo, katikati ya vigelegele, Ufunguo ukatetemeka kifuani kwa Nyamizi.

2

Alijitenga nyuma ya masufuria na kuuweka sikioni, kwa kuwa Ufunguo ulikuwa simu pia.

"Bi Nyamizi. Ni Shehoza."

Tabasamu likamtoka usoni. Mhandisi Shehoza, mkuu wa chumba cha gridi kule Kilimani. Ndiye aliyesimamia ile mashine ya kuchagua. Kwa mila, Mzigua yule na Mnyamwezi huyu walikuwa watani. Lakini tangu siku Kambini walipolala barabarani kuzikataa mita za kampuni, hawakuwahi kutaniana hata mara moja.

"Mhandisi. Nani kakuruhusu kuniharibia pilau?"

"Laini kubwa imekatika, mji mzima hauna umeme. Hospitali inaishi kwa betri zake na zinakaribia kwisha. Kuna mama yuko mezani, wameshampasua. Ana mapacha. Nimebisha kwenu mara mbili. Kimya."

Nyamizi alijua kwa nini ni kimya. Wenye nyumba wote walikuwa hapa uwanjani. Alikuwa anawatazama.

Mtandao wa Kambini haukuwa na mnara. Kampuni ilikataa kuwajengea, nao wakaacha kuomba. Kila mita ilinong'ona kwa redio ndogo na mita ya jirani, jirani kwa jirani, mpaka neno likatoka nyumba ya mwisho ya Kambini likafika Kilimani haraka kuliko mtu anavyopepesa jicho. Waliuita Mnong'ono. Kuufanya umeme utembee kwenye waya ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni mazungumzo, nani anacho, nani hana, nani yuko tayari kutoa sasa hivi. Na katika mazungumzo hayo Nyamizi aliweka adabu ambayo gridi nyingine hazikuwa nayo. Anayetaka kuazima umeme wa nyumba sharti abishe hodi. Mita inasema "hodi" kwa sauti, mwenye nyumba anajibu "karibu" kwa mdomo wake, na mita inaijua midomo ya watu wake. Hodi tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni anaondoka, na mlango haufunguki tena mpaka kesho asubuhi, hata abembeleze vipi.

"Nimebakiwa na hodi moja," alisema Shehoza. "Nikiibisha sasa, mtaikosa, na mlango umefungwa. Tafadhali. Tumia Ufunguo."

"Wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe?"

"Mimi. Najua ninavyosikika."

"Mama huyo ni mke wa mkubwa gani?"

"Si wa mkubwa. Kaletwa na bodaboda kutoka mashambani, hajitambui. Jina lake hatujalipata. Wameandika kitanda cha saba."

Nyamizi aliwaza kibati cha babu yake. Mtu mwingine tena mwenye namba badala ya jina.

"Nilikuuliza, Bi Nyamizi," Shehoza aliendelea, bila ukali. "Kwenye ule mkutano wa kupitisha sheria ya hodi. Nilisema, je, siku wasipokuwepo nyumbani?"

Alimkumbuka, amesimama na shati la michirizi ya bluu. Alikumbuka na jibu alilompa: "Watu wa Kambini waende wapi, Mhandisi? Mmetuachia pa kwenda?" Ukumbi ulicheka mpaka akakaa. Lilikuwa jibu tamu. Kambini, tangu enzi za manamba, hakuna familia iliyotoka nyumbani yote kwa pamoja. Mmoja hubaki kulinda kidogo kilichopo. Nani angewaza kwamba ingefika siku ya furaha kubwa kiasi hiki, watu wakasahau kulinda? Alijipanga kwa kila aina ya dhuluma. Kwa harusi hakujipanga.

"Muda gani?" aliuliza.

"Mchache. Muda wa nyimbo tatu, nne."

Kidole gumba kilikuwa juu ya Ufunguo. Angebonyeza tu. Na asingefukuzwa na mtu, hilo alilijua. Angesimama jukwaani, angeeleza kuhusu mama na mapacha, nao wangempigia makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyomtisha. Safari nyingine angeshika Ufunguo mtu mwingine, na sababu ingekuwa ndogo kidogo, bado nzuri. Baada yake ndogo zaidi. Jioni zile zote za giza, Kambini haikukatiwa kwa ubaya. Ilikatiwa kwa sababu nzuri.

Na mama wa kitanda cha saba? Amwambie nini yeye? Kwamba sheria yetu ni nzuri, wewe kufa?

Wimbo wa kwanza ukaisha.

"Mhandisi, usibishe mpaka nikwambie," alisema. Akakata.

Angewatuma watu wakimbilie nyumbani kujibu? Uwanja huu wa kuanikia mkonge uko ng'ambo ya reli, nyumba ziko juu ya mlima mzima. Vijana wangefika. Wazee, wenye betri zilizojaa kwa kuwa hawapiki wala hawatazami sinema, wangefia njiani. Majibu ya simu mita haziyakubali, na hiyo pia ilikuwa amri yake, kwa sababu kampuni iliwahi kuwatumia watu ujumbe usemao: ukinyamaza, umekubali.

Akainua macho kutafuta pa kuyapumzisha. Yakatua kwenye nguzo ya hema, na kwenye nguzo palikuwa na mita, mita ya kukodi ya sherehe, kijicho chake cha kijani kikipepesa. Ilikuwa inanong'ona na nyumba ya kwanza ng'ambo ya reli. Kama mita zote.

Jirani kwa jirani.

"Mjinga mimi," Nyamizi alisema kwa sauti, na mpishi aliyekuwa karibu akageuka.

"Shangazi, chumvi?"

"Chumvi iko sawa, mwanangu. Ni mimi niliyepungua."

3

Alimpokonya Chande kipaza sauti katikati ya utani wake mwingine.

"Muziki chini. Kaeni. Huu sasa ni mkutano."

Mguno mkubwa ukapita uwanjani. "Shangazi, hata leo?" Mboni alilia kutoka kiti cha enzi. Bwana harusi Kibwana, aliyekuwa anailisha familia hii keki kwa mara ya kwanza, alibaki na kijiko hewani.

"Hata leo. Sikilizeni, muda hatuna."

Aliwaeleza, kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kuyatumia. Hospitali. Mama. Mapacha. Hodi mbili zilizopotea kwenye nyumba tupu. Kisha akaunyanyua Ufunguo wote wauone.

"Naweza kuwafungulia betri zenu sasa hivi. Sitaki. Nataka ruhusa ya kitu kingine. Nitaziambia mita zikubali sauti ya mwenye nyumba hata ikiletwa na mita ya jirani. Mita ya hema hili inakusikia wewe hapa, inapeleka sauti yako kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka ukutani kwako. Ni mdomo wako wewe, si wa kampuni, si wangu. Asiyekuwepo hapa haguswi. Asiyetaka haguswi."

Bi Chausiku alisimama na mwavuli wake. "Hospitali ipi? Ile iliyonirudisha getini na homa yangu, wakasema Kambini mna zahanati yenu?"

"Ile ile, Bi Chausiku."

"Sijasahau mimi."

"Nani kasema usahau? Mimi ndiye nikwambie usahau? Kumbuka vizuri, halafu jibu hodi."

Bi Chausiku alifikiri, akakunja mwavuli. "Haya," alisema. "Lakini nikipona hasira hii, ujue ni kwa ajili ya hao mapacha."

"Wanaokubali sheria ibadilike?"

Mikono ilipanda kama mkonge shambani. Mmoja tu alikunja yake kifuani, fundi baiskeli Lugendo.

"Betri yangu haiendi Kilimani," alisema. "Sirudi nyuma."

Watu wakaanza kuzomea. Nyamizi akawakatiza kwenye kipaza sauti. "Nyamazeni! Ni haki yake. Anayemzomea Lugendo leo, kesho atazomewa yeye. Lugendo, kaa, kula keki."

Alikaa kwenye ngazi za jukwaa, akaiunganisha mita ya hema na Ufunguo wake, vidole vikikimbia. Kubadilisha amri moja na kuipeleka katika kila mita ni kazi ya pumzi chache. Mita hufundishana zenyewe. Uwanja ulikuwa kimya hata ukasikia mafuta yakichemka jikoni.

"Mhandisi," alisema kwenye Ufunguo. "Bisha."

Chande alikisogeza kipaza sauti karibu na mita. Na kutoka kwenye maspika makubwa ya harusi, badala ya muziki, ikatoka sauti ya mwanamke mzee, tulivu, sauti ambayo kila nyumba ya Kambini iliijua. Nyamizi aliirekodi kabla mwenyewe hajafariki. Ilikuwa ya mkunga aliyempokea Mboni.

"Hodi."

Kama yangepangwa mashindano ya kelele duniani, Kambini ingeshinda. "KARIBUUU!" Wazee kwa vijana, midomo imejaa pilau, wanawake wakiunganisha na vigelegele, Bi Chausiku akirudia mara mbili kwa kuhofia mita yake ni kiziwi kama yeye. Kwenye kioo cha Ufunguo, nyumba zikaanza kuwaka. Ng'ambo ya reli moja, kisha mbili, kisha safu nzima, kisha mlima wote ukawa na madoa ya kijani, kila doa na jina lake. Mita zilipembua kelele ile yote, kila moja ikaokota sauti ya mtu wake, kama mama anavyomtambua mwanawe anayelia kati ya watoto wa shule.

Doa la Lugendo nalo likawaka.

"Mimi sijasema kitu!" Lugendo aliruka.

"Mimi nimesema," mkewe alijibu, akijipangusa mdomo. "Au mita haijui kwamba na mimi nakaa mle?"

Hata Lugendo mwenyewe alishindwa kuzuia kicheko.

"Bi Nyamizi, inaingia!" Sauti ya Shehoza ilikwaruza. "Inaingia. Bado kidogo tu, imepungua kidogo..."

Nyamizi alitazama juu. Maspika, majokofu ya soda, skrini kubwa, mataa ya rangi yaliyowashwa mchana kweupe kwa fahari. Hema lilikuwa linakula umeme sawa na mtaa mzima. Akamgeukia bibi harusi.

Mboni alikuwa ameshasimama. "Nilizaliwa bila umeme, shangazi. Kuolewa bila umeme kutanishinda nini? Zima."

"Karibu," alisema Kibwana kwa mita ya hema, kwa heshima zote, kijiko bado mkononi.

Maspika yakakata pumzi. Mataa yakafa. Chande akaendelea kuongea kwa muda kabla hajagundua kwamba hakuna anayemsikia, na hiyo ilikuwa zawadi ya harusi ambayo hakuna aliyeitarajia. Kisha mpishi mmoja akapindua sufuria tupu, akalipiga kwa mwiko. Mwingine akajibu kwa sinia. Bi Chausiku, katikati ya jua alilogombana nalo, akaingia uwanjani na mwavuli umefungwa, akacheza nao kama mkuki.

4

Jua lilikuwa bado juu ya mlima Shehoza alipofika. Alikuja kwa miguu, peke yake, mzee mwembamba kuliko yule wa kwenye kumbukumbu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hakuingia. Alisimama pale kamba za hema zinapoishia, kama mgeni anavyotakiwa.

"Hodi," alisema.

Masufuria yakanyamaza. Watu wakamtazama yeye, kisha wakamtazama Nyamizi.

Nyamizi alifungua mdomo. Ukakataa. Jioni zile zote za giza zilikuwa zimejipanga mbele yake, kila moja na shati lake.

"Hodi," Shehoza alisema tena.

Alitaka kujibu, kwa hakika alitaka. Lakini mtu akikumbuka kwa muda mrefu hivyo, kumbukumbu inakuwa mfupa, nao mfupa haukunjwi kwa siku moja. Aliona mzee yule akivuta pumzi, akijua sheria sawa na yeye: hii ya tatu, kisha anageuka na kwenda zake.

"Hodi."

"Karibu!" Bi Chausiku alipiga kelele.

Nyamizi akageuka. "Wewe umeulizwa?"

"Mwenye nyumba yupo, mdomo wake ndio umetoka. Jirani najibu."

"Sheria hiyo haipo!"

"Basi itungwe, si wewe ndiye fundi wa sheria?" Bi Chausiku alinyanyua mkono, na nyuma yake mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa Mboni, mpaka wa Lugendo, ambaye safari hii aliunyanyua kabla mkewe hajamtangulia.

Hapo kitu kikamfunguka Nyamizi, na kikatoka kama kicheko. Alimtazama mgeni kuanzia utosini mpaka chini.

"Mzigua! Viatu hivyo umevipata wapi?"

Shehoza alishtuka. Kisha midomo yake, iliyosahau kazi hiyo kwa miaka mingi, ikaanza kucheza pembeni. "Nilivalishwa na Mnyamwezi mmoja," alisema, "aliyesahau njia ya kwao."

Kelele iliyofuata ilisikika Kilimani.

Alimvuta ndani, akamkalisha, akamwekea pilau na paja la kuku. "Kula polepole, ni rika la Bi Chausiku." Lakini Shehoza hakugusa sahani kwanza.

"Watoto wote wawili wazima," alisema. "Wa kike na wa kiume. Wa kike ana kelele, ungempenda. Na mama yao ameamka. Wakamweleza umeme ulitoka wapi. Akaniita, akaniambia nije mwenyewe kwa miguu yangu nikwambie." Aliivuta sahani karibu. "Anaitwa Nakijwa."

Nyamizi aliutoa Ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza kati ya soda na mifupa, ili aweze kucheza vizuri.

"Nakijwa," alisema. Mara moja tu. Kwake yeye, mara moja ilikuwa inatosha.